Trekta la shamba la miti: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Nyanda za Juu Kusini, na moja kutoka ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mvua zikikaribia kuisha, wenye mashamba ya miti wanaanza kuwaza kufyeka, njia za moto (mikanda isiyo na cha kuungua, ya kuzuia moto usiingie shambani) na namna ya kutoa magogo porini. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kosa lina gharama kubwa, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni fupi.

Kubwa lililotumika au dogo jipya?

*Salaam wataalamu. Nina ekari 60 Mufindi. Arobaini ni misindano: 30 ni ya mwaka wa kwanza na wa pili, 10 ni ya miaka sita, yote nafasi ya mita 3 kwa 3. Ekari 12 ni msitu wa asili bondeni kando ya mto, na 8 ni za mahindi na viazi. Fedha yangu inatosha Massey Ferguson 290 lililotumika, lisilo na 4WD, au trekta jipya dogo la HP 50 lenye 4WD. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua kubwa. Ninyi mnasemaje?*

Chukua dogo, kwa masharti matatu tutakayoyataja. Lakini kwanza tuhesabu kazi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua trekta, kisha wanatafuta zana ya kulifunga, kisha wanatafuta kazi ya zana. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Shamba linasema kazi gani ipo, kazi inachagua zana, zana inachagua trekta.

Misindano ya nafasi ya mita 3 ina karibu mita 3,300 za mistari kwa hekta. Slasha ya trekta (mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma) yenye upana wa mita 1.5, ikienda kilomita 3 kwa saa na kugeuka mwisho wa kila mstari, inamaliza hekta moja kwa saa moja na nusu hivi, yaani ekari kwa dakika 35 hadi 40. Ekari zako 30 changa ni saa 20 kwa mzunguko, na mizunguko miwili kwa mwaka ni saa 40. Zile sentimita 75 zinazobaki kila upande wa mti ni za fyekeo na jembe la mkono. Usijaribu kuzifikia kwa trekta, utachuna maganda ya miche.

Ekari 60 zikiwa karibu na umbo la mraba zina mzunguko wa kilomita 2. Njia ya moto ya mita 10 kuzunguka shamba zima ni hekta 2. Kuifyeka ni kama saa 6, kuipiga haro (zana ya diski za kugeuza udongo) mara mbili ni saa 8 au 9 nyingine. Ongeza njia za ndani, tuseme saa 25 kwa mwaka. Kulima na kupiga haro ekari 8 za mahindi na viazi ni saa 15. Kusawazisha barabara ya shamba mara mbili kwa mwaka ni saa 10. Trela la miche, mbolea, nguzo na mavuno, weka saa 50. Jumla ni saa 140.

Saa 140 ni kazi ndogo kwa trekta. Kwa maoni yetu, aliye chini ya saa 200 kwa mwaka akodishe, au anunue kwa ushirika na majirani wawili watatu. Tatizo ni kwamba wakati wa njia za moto kila mtu anataka trekta wiki ileile, na anayekodisha huenda kwanza kwa mwenye ekari nyingi. Kama huko kwenu ndivyo ilivyo, kununua kuna maana, hasa ukiwa na mpango wa kufanya kazi za majirani ili kufikisha saa hizo.

Sasa kwa nini dogo. MF 290 ni trekta imara la karibu HP 80, na mafundi wake wapo kila mji. Lakini nje ya tairi za nyuma lina upana wa karibu mita 2. Kwenye mstari wa mita 3 linabaki na nusu mita kila upande, na msindano wa mwaka wa pili umeshatandaza matawi kuzidi hapo. Matrekta mengi ya HP 50 yanaweza kuwekwa kwenye upana wa mita 1.6 au 1.7. Zile sentimita 15 kila upande ndizo zinazookoa miche yako. Pili, udongo mwekundu wa Mufindi ukilowa unateleza kama sabuni, na trekta lisilo na 4WD likianza kuserereka kwenye mteremko dereva hana la kufanya. Tatu, kwa injini ya HP 50, kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha zana) unapata kama HP 42, na slasha ya uzito wa kati yenye upana wa mita 1.5 inahitaji 35 hadi 40. Inatosha. HP 80 ingekuwa na maana kama ungekuwa na haro la kukokota la diski 20 au ekari mia za mahindi.

Masharti ni haya. La kwanza, mikono ya nyuma ya kufungia zana iwe ya daraja la pili, ile ya pini za chini za milimita 28 na pini ya juu ya milimita 25. Daraja la kwanza, lenye pini za milimita 22 na 19, ni la zana nyepesi, na slasha ya msituni itaipinda. La pili, haidroliki iinue angalau kilo 1,500 ikipimwa sentimita 60 nyuma ya ncha za mikono. Muuzaji mara nyingi hutaja kipimo cha kwenye ncha zenyewe, ambacho huwa kikubwa zaidi, kwa hiyo uliza kimepimwa wapi. La tatu, chujio za mafuta, klachi, mikanda, sili na pampu ya maji vipatikane Mafinga, Makambako au Iringa ndani ya siku moja. Usikubali ahadi ya mdomo. Nenda dukani uvione kwenye rafu kabla hujalipa.

Usinunue trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva likipinduka na mkanda wa kiti. Kama fremu imekunjwa ili kupita chini ya matawi, usifunge mkanda. Ikiwa imesimama, funga kila mara. Fremu bila mkanda humwacha dereva arushwe na kuangukiwa na fremu hiyohiyo.

Zana, kwa mpangilio wa kununua: slasha ya uzito wa kati yenye klachi ya kuteleza (tumeieleza kwenye jibu linalofuata), haro ndogo, trela la tani 3, na bapa la nyuma la kusawazishia barabara. Haro ya kufunga ya diski 16 hutaka HP 50 hadi 60, kwa hiyo wewe chukua ya diski 12 au 14. Winchi subiri hadi utakapoanza kupunguza miti. Rotaveta, ile zana ya kusaga udongo kwa visu vinavyozunguka, usinunue kabisa kwa shamba lenye visiki na mizizi. Visu vyake vimetengenezwa kwa ajili ya udongo, na kisiki kimoja kinatosha kuvunja giaboksi.

Na zile ekari 12 za bondeni, trekta lisiingie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata pasipo sheria, kufyeka bonde ni kukausha maji unayonywa.

Bolti ya usalama inakatika kila siku

*Slasha yangu ya mita 1.5 inakata bolti ya usalama mara tatu hadi nne kwa siku. Fundi akaniwekea bolti ngumu, ikaacha kukatika, lakini sasa giaboksi inalia na mafuta yanavuja chini. Nifanye nini? Njombe.*

Kwanza, simamisha kazi leo na uitoe hiyo bolti ngumu. Bolti ya usalama imewekwa ikatike ili kitu cha bei kubwa kisivunjike. Tazama kichwa cha bolti: namba 8.8 au 10.9 ndiyo daraja la ugumu wake. Weka lile daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha slasha au kwenye kibati chake, na unene uleule. Nyingi hutaka 8.8 au laini kuliko hiyo. Ukiweka 10.9 mzigo wa kisiki unahamia kwenye meno ya giaboksi, kwenye misalaba (viungo) ya shafti inayounganisha slasha na trekta, na hatimaye kwenye PTO ya trekta lenyewe.

Giaboksi yako ifunguliwe. Mlio maana yake beringi au meno yameguswa, na mafuta yanayovuja chini yanatoka kwenye sili ya shafti ya visu. Fundi akibadilisha sili bila kuangalia shafti, itavuja tena baada ya wiki. Aishike shafti na kuitikisa. Ikicheza, beringi zimekwisha. Mara nyingi utakuta pia waya wa uzio au kamba ya nailoni imejiviringisha juu ya sahani ya visu na kula sili. Ukimaliza, jaza mafuta ya giaboksi ya namba 80W-90 hadi kwenye tundu la kupimia, na usizidishe, maana yakipata moto yatasukuma sili nje.

Sasa chanzo. Bolti haikatiki bila sababu, na sababu ziko chache.

Dereva anawasha PTO injini ikiwa juu, slasha ikiwa imeshakaa ndani ya kichaka. Mpangilio ni huu: inua slasha kidogo, weka injini kwenye mwendo wa taratibu, ingiza PTO polepole, ongeza mafuta hadi PTO ifike mizunguko 540 kwa dakika, ndipo uingie majanini. Kwenye dashibodi nyingi kuna alama ya 540. Ikififia, mwenye trekta aipige rangi upya.

Visu vimeganda. Visu vya slasha vinatakiwa vizunguke huru kwenye bolti zake, ili vikigonga kisiki virudi nyuma. Udongo na utomvu wa miti ukikauka humo vinakuwa kama vimechomelewa. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa na slasha ikiwa imeegemezwa kwenye stendi au gogo imara, visukume kwa mti. Usitegemee haidroliki kuishikilia slasha ukiwa chini yake, hata kwa dakika moja.

Kisu kimoja kimebadilishwa na kingine ni cha zamani. Uzito ukitofautiana, slasha inatetemeka, na mtetemo unalegeza kila kitu. Badilisha vyote pamoja, pamoja na bolti na nati zake. Usivinoe vikawa kama kisu cha jikoni. Makali ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 yanadumu zaidi, kwa sababu ncha nyembamba inapinda kwenye jiwe la kwanza.

Miti ni minene kuliko uwezo wa slasha. Nyepesi hukata shina la sentimita 2.5, ya kati sentimita 5, nzito sentimita 7 na kuendelea. Miwati ya miaka mitatu imeshavuka hapo. Ikate kwa msumeno wa mnyororo kwanza. Na urefu wa kukatia kwenye eneo la visiki usiwe chini ya sentimita 15.

Shafti imekatwa vibaya. Hili linasumbua slasha nyingi mpya, kwa kuwa shafti huja ndefu ili kila mnunuzi aikate kulingana na trekta lake. Iunganishe slasha, uiinue na kuishusha polepole, PTO ikiwa imezimwa, utafute mahali ambapo umbali ni mfupi kabisa. Hapo shafti ibaki na nafasi ya angalau sentimita 2.5 kabla ya kugota. Mahali ambapo umbali ni mrefu kabisa, bomba la ndani liwe bado limeingia theluthi moja ya urefu wake ndani ya la nje. Ukikata, kata kipimo kilekile kwenye bomba la ndani, bomba la nje na mifuniko yote miwili ya plastiki. Piga tupa kingo zote, paka grisi, rudisha mifuniko. Wanaoitupa mifuniko wanajiweka hatarini sana: shafti ya mizunguko 540 inazunguka mara 9 kwa sekunde, na ikishika upindo wa koti au kanga hakuna mkono unaoweza kuivuta tena.

Kama unaweza kumudu, badilisha mfumo wa bolti uweke klachi ya kuteleza. Ni mabamba ya msuguano yaliyobanwa na springi. Mzigo ukizidi yanateleza badala ya kukata kitu. Ina uangalizi mmoja ambao watu husahau: ikikaa miezi ya mvua bila kazi, mabamba yanashikana kwa kutu, na siku ya kwanza ya kazi inakuwa sawa na bolti ngumu ya fundi wako. Kabla ya msimu, pima urefu wa kila springi na uandike, legeza nati zote kwa mizunguko miwili, washa PTO kwa sekunde mbili tatu hadi mabamba yateleze, zima, yaache yapoe, kaza nati hadi urefu ulioandika.

Grisi ya misalaba ya shafti ni kila baada ya saa 8 za kazi, yaani kila siku.

Gurudumu la mbele linainuka nikivuta gogo

*Nina MF 240. Navuta magogo ya mkaratusi kwa mnyororo uliofungwa kwenye pini ya mkono wa juu, kwa sababu gogo linainuka vizuri na halichimbi. Kwenye mwinuko tairi za mbele zinanyanyuka kidogo. Niongeze vizito vya mbele? Makete.*

Ndugu yetu, tafadhali usivute gogo jingine hata moja kwa namna hiyo.

Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, gogo likikwama nguvu ya tairi haiendi mbele tena, inalizungusha trekta lote kuizunguka ekseli. Kutoka tairi za mbele kunyanyuka hadi trekta kumwangukia dereva kwa nyuma huchukua chini ya sekunde moja na nusu, na nusu ya muda huo ikishapita, hata kukanyaga klachi hakurudishi kitu. Vizito vya mbele vinachelewesha tu. Kinachozuia ni mahali pa kufunga: drobaa, kile chuma cha kukokotea kilicho chini ya ekseli ya nyuma, na si mahali pengine popote. Si pini ya juu, si ekseli, si mikono miwili ikiwa imeinuliwa.

Pima uzito kabla ya kufunga. Mkaratusi mbichi una karibu tani 1 kwa mita ya ujazo, na mara nyingi zaidi kidogo. Gogo la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 30 ni mita za ujazo 0.28, kama kilo 280 hadi 300. Likiwa na sentimita 40 linafika nusu tani. Watu hushangaa hapo, kwa sababu kipenyo kimeongezeka sentimita 10 tu. MF 240 lenye HP 50 hivi linaweza kuburuza nusu tani kwenye tambarare kavu bila shida. Kwenye mwinuko wenye udongo mbichi chukua nusu ya hapo.

Tumia mnyororo wa chuma cha daraja la 80, unene wa milimita 10, ambao kazi yake salama ni tani 3.15. Kamba ya nailoni usitumie. Inavutika, na ikikatika inarudi kwa dereva kama risasi. Funga sentimita 50 kutoka mwisho mnene wa gogo, acha mnyororo mfupi, na chonga ncha ya gogo pembeni kwa msumeno ili ipande juu ya mizizi badala ya kuchimba. Uzito wa gogo usiwe sababu ya kuendesha kwa kasi: gia ya kwanza ya chini, na klachi iachiwe taratibu.

Ukitaka gogo liinuke kama ulivyozoea, winchi ya PTO ndiyo jibu. Inafungwa kwenye mikono mitatu, ina ngao ya chuma inayoshuka na kujikita ardhini nyuma ya trekta, na waya wa milimita 10 wenye urefu wa mita 50 hivi. Kwa trekta lako inatosha ya tani 3 hadi 4. Faida yake kubwa kwa Makete ni mteremko: trekta linasimama barabarani, pasipo na mwinuko, na gogo ndilo linalopanda. Trekta la magurudumu halifai kukatisha mteremko wa zaidi ya nyuzi 15, na lenye mzigo tunashauri liishie 10. Kupima ni rahisi: weka ubao wa mita 1 na pima maji ya mwashi juu yake, ncha ya upande wa mlimani iguse ardhi, ubao ukae sawa, upime pengo chini ya ncha ya pili. Sentimita 18 ni nyuzi 10, sentimita 27 ni nyuzi 15.

Ukitumia winchi, mstari wa waya uende moja kwa moja nyuma ya trekta. Ukivuta kwa pembeni, trekta linageuka au kulala. Kama gogo liko kando, funga kapi kwenye kisiki kizima, na hapo jua kwamba ndani ya pembe ya waya hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama. Mfungaji na mwendeshaji wakubaliane ishara mbili za mikono, vuta na simama, kwa sababu kelele ya injini inameza sauti. Waya ukionyesha nyuzi zilizochomoza au ukiwa umepinda kifundo, kata hapo au utupe.

Ekari mbili za mikaratusi

*Nina ekari mbili za mikaratusi huku Nandi, na nyasi zinanisumbua. Nianze na pawatila (trekta la kusukuma kwa mkono) au trekta dogo kabisa?*

Wala moja. Mashine ya kufyekea ya begani, yenye injini ya sentimita za ujazo 40 hadi 50, bledi ya chuma ya meno matatu kwa nyasi na vichaka na ya msumeno kwa vijiti, inamaliza ekari mbili kwa siku mbili au tatu za mtu mmoja. Nunua na miwani ya wavu, viatu vigumu na mkanda wa mabega yote mawili. Mita 15 kuzunguka mwendeshaji pasiwe na mtu wala mfugo. Mikaratusi ikishafunga kivuli, mwaka wa pili au wa tatu, nyasi zitapungua zenyewe na mashine utaihitaji mara chache tu.

Haro au slasha kwa njia za moto?

*Tunabishana kijijini Kilolo: wengine wanasema kufyeka kunatosha, wengine wanataka ardhi ibaki tupu. Na tufanye mwezi gani?*

Kufyeka peke yake hakutoshi. Majani yaliyofyekwa yanabaki chini, yanakauka, na Septemba moto unatambaa juu yake kama kwenye mkeka. Njia ya moto inafanya kazi pale ambapo hakuna cha kuungua. Kwa hiyo ni zote mbili: slasha kwanza, iache wiki moja au mbili majani yanyauke, kisha haro mara mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza kwa pembe kidogo. Kwa mita 10 za upana, si lazima zote ziwe tupu. Mita 5 za upande wa nje, unakotarajiwa moto, ziwe udongo mtupu. 5 za ndani ziwe zimefyekwa chini na kusombwa. Hapo unaokoa nusu ya dizeli ya haro na nusu ya mmomonyoko.

Mwezi ni Mei hadi mapema Juni. Udongo bado una unyevu na diski zinazama. Nyasi zimeshaacha kukua kwa kasi lakini hazijakauka. Ukisubiri Agosti, diski zinaruka juu ya ardhi ngumu, utaweka mawe juu ya haro ili izame, na mawe hayo ndiyo yanayopinda fremu. Mvua za mwisho zikileta majani mapya usiishie hapo, rudia haro kabla ya msimu wa moto kushika.

Kwenye mteremko, udongo mtupu unageuka mfereji mvua zikirudi. Kila mita 20 hadi 30 weka tuta la chini linalokatisha njia kwa mshazari na kumwaga maji kwenye nyasi za kando. Tuta liwe pana na la chini, ili trekta lipande bila kukwama. Pale ambapo mteremko unazidi nyuzi 15, haro isiende kabisa. Sehemu hiyo ni ya majembe ya mkono, hata kama ni mita mia tatu.

Usipige haro karibu na msindano kuliko mita 1.5. Mizizi yake mingi ya kulisha iko juu, na mti uliokatwa mizizi upande mmoja unaegemea upepo wa kwanza.

Trekta lenyewe linawasha moto, na hilo halisemwi vya kutosha. Nyasi kavu zinajazana juu ya eksozi, kwenye rejeta na juu ya slasha, na kisu kikigonga jiwe kinatoa cheche. Kwa hiyo kila saa mbili simama, zima injini, safisha nyasi kwa mkono na brashi. Chunguza eksozi haina tundu. Beba kizima moto cha unga cha kilo 6 na bomba la mgongoni la lita 15 hadi 20 lililojaa maji, si tupu. Kuanzia Agosti, fyeka asubuhi na uache ikifika saa tano. Ukimaliza, kaa dakika 30 ukiangalia ulikopita kabla ya kuondoka. Na anayetaka kuchoma nyasi ili kupanua njia asiwashe kiberiti bila kibali, na bila kuwaambia majirani na serikali ya kijiji siku na saa.

Visiki vya miwati vinatoboa tairi

*Kila ninapofyeka shamba la zamani la miwati napata pancha mbili au tatu. Je, kuna tairi isiyotoboka? Njombe.*

Isiyotoboka kabisa, ile iliyojazwa mpira au povu, ipo, lakini ni nzito, ni ghali na inachosha ekseli. Kabla ya tairi, tazama visiki. Miwati iliyokatwa kwa panga kwa mshazari inaacha mkuki. Vijana wapite mbele na msumeno wa mnyororo wakikata kila kisiki sambamba na ardhi, juu yake pawe bapa, kisizidi sentimita 5. Pancha nyingi zitaisha hapo. Pia usichome shamba hilo ukidhani unalisafisha: mbegu za miwati zinalala udongoni miaka mingi, na moto ndio unaoziamsha, kwa hiyo utarudi kufyeka msitu mpya.

Kwa tairi zenyewe, achana na za plai 6 zinazokuja na matrekta mengi. Chukua plai 10, au za aina ya msituni ambazo zina ukuta wa pembeni mnene, maana ndio unaochomwa. Usipunguze upepo ili tairi ishike udongo. Tairi laini inavimba pembeni na kujipeleka kwenye visiki. Gundi ya maji ya kuziba matundu inasaidia kwa matundu ya miiba chini ya tairi, lakini haizibi mpasuko wa pembeni.

Ukiwa unajaza maji kwenye tairi za nyuma kuongeza uzito, weka vali juu kabisa na ujaze hadi maji yafike kwenye vali, yaani robo tatu. Robo inayobaki ni ya upepo, usiijaze. Mwombe fundi akuchomelee kikombe cha chuma kwenye rimu, tairi ikiwa imetolewa, kuikinga vali, kwa sababu kijiti kikiipiga hiyo, maji yote yanaishia shambani. Na wakati yuko na mashine ya kuchomelea mkononi, akufungie bamba la chuma la milimita 6 chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na chujio la dizeli, lenye tundu la kutolea oili, lifungwe kwa bolti nne ili liweze kushushwa. Kisiki kikitoboa tairi unapoteza nusu siku. Kikitoboa sampu bila dereva kugundua, injini inakufa ndani ya dakika chache.